Jangwa limeingia katika kalasi ya saba

Wasomaji wetu wengi wanakumbuka mwaka 2010. Tarehe 5 Agosti, kule Chile, mwamba ulianguka katika machimbo ya shaba na dhahabu ya San José, wachimbaji 33 wakafungiwa chini, karibu mita 700 ndani ya ardhi. Siku 17 zikapita bila mtu wa juu kujua kama wako wazima. Kiisha sonda ikawafikia, ikapanda na karatasi yenye kusema kwamba wako hai, na tarehe 13 Oktoba, siku ya 69, wote 33 walikuwa wametoka. Katika kambi zetu watu walikesha kando ya redio usiku ule, sawa vile wanangoja habari za ndugu zao wenyewe. Mama mmoja jirani yetu alisema: « Mugodi ni mugodi, hata kwa bazungu. »

Kitu kimoja hatukukitazama sana wakati ule, ni fasi yenyewe. Jamaa za wale wachimbaji walipiga hema juu ya mchanga na mawe matupu, pasipo mti, pasipo nyasi. Kambi yao waliiita Esperanza, maana yake Tumaini. Ilikuwa ndani ya jangwa la Atacama, na ukiacha nchi za barafu za kule mwisho wa dunia, hakuna jangwa kavu kulipita lile. Ndani ya jangwa hilohilo ndimo inamotoka shaba nyingi ya dunia: Chuquicamata, Escondida na machimbo mengine. Chile ni ya kwanza kwa shaba. Sisi, miaka hii ya karibuni, tumeipita Peru na kushika nafasi ya pili.

Njo pale mwalimu mmoja wa sayansi alipoanzia. Anafundisha kalasi ya saba na ya nane, katika kambi moja ya wafanyakazi wa machimbo. Ametuomba tusiandike jina lake wala la masomo yake, na tumemsikia. Kwa miaka aliwafundisha watoto habari za jangwa kwa njia ile tunayoijua wote: anaandika ubaoni kwa kifaransa, wanaandika mu kaye, wanakariri, wanapata pointi, wanasahau. Mwaka huu akachoka. Akasema atafundisha jangwa kwa mikono, kila Jumamosi asubuhi, Jumamosi nne, na vitu ambavyo havinunuliwi. Akatuita tuje kutazama.

Tunasema mapema jambo lililotupeleka pale, juu si jangwa peke yake. Miaka 12, 13, 14 ndiyo miaka ambayo vijana wetu wanaacha kalasi na kwenda kuosha mawe mtoni ao kubeba mifuko kwa wachimbaji wa mikono. Mzazi anayesoma gazeti hili anajua. Mtoto anakuambia: ku masomo tunaandika tu, kule napata franga. Na wewe, kama mshahara umechelewa, unajibu nini?

Chaki moja na ukuta

Jumamosi ya kwanza mwalimu alikuja na chaki na kamba ya kupimia ya fundi wa nguo. Akawatoa watoto inje, akapima ukuta kutoka chini, akachora mstari kwa urefu wa milimita 1,200. Ulimfikia kifuani. « Hii ni mvua ya Lubumbashi ya mwaka muzima, » akasema. « Kama mai yote yenye inanyesha isingekimbia wala kuingia mu udongo, mungesimama ndani mpaka hapa. » Watoto wafupi wakapimana na mstari, wakacheka, mmoja akajifanya kuzama.

Kiisha akachora mstari wa pili, chini ya goti: milimita 250. Wenye elimu wengi wanasema fasi yenye mvua chini ya ule mstari inaitwa jangwa, hata kama kuna baridi. Neno hilo liliwashangaza watoto, na sisi pia kidogo, juu tulizoea kusema jangwa ni joto. Chuquicamata iko juu sana, karibu mita 2,800 kupita bahari, na usiku wafanyakazi wanavaa makoti mazito. Mbingu haina mawingu, hewa haina unyevu, basi joto la mchana linakimbia juu kama moshi. Sisi wa Katanga tunalijua jambo hilo bila kulipa jina: usiku wa mwezi wa sita, mbingu nyeupe, na asubuhi meno yanagongana.

Mstari wa tatu ulikuwa wa Arica, mji wa kando ya bahari, kaskazini kabisa ya Chile. Pale mvua ya mwaka haifiki milimita moja. Mwalimu alijaribu kuchora, akashindwa: mstari wa chaki ni mnene kupita mvua yenyewe. Akaacha alama ya ukucha. Halafu akawapa habari iliyoandikwa katika vitabu vya hali ya hewa: kutoka Oktoba 1903 mpaka Januari 1918, miezi 173, Arica haikupimwa hata tone moja. Msichana mmoja akahesabu kwa vidole, akasema kwamba mtoto aliyezaliwa mwanzo wa ule ukavu angefika kalasi ya nane bila kuona mvua.

« Na mama yake angemwambia mvua ni nini? » akauliza mwingine. Hakuna aliyecheka. Tulifikiri ni swali zuri kupita mengi tuliyowahi kusikia katika mikutano ya watu wakubwa.

Juu ya nini hakuna mvua, na bahari iko pale pale? Mwalimu alitoa chupa ya maji aliyoomba kwa mwenye duka anayeuza vinywaji baridi. Akaiweka mezani. Chupa ikaanza kutoka jasho. Bahari ya Chile, akaeleza, inapitiwa na mkondo wa maji ya baridi, unaitwa Humboldt, unaotoka upande wa kusini. Hewa inayoligusa lile baji la baridi inapoa, inakuwa nzito, inalala chini, na unyevu wake unageuka ukungu tu. Ili mvua inyeshe hewa lazima ipande, na ile haipandi. Upande wa pili kuna milima ya Andes, inazuia mawingu yanayotoka misitu ya Amazoni. Jangwa limefungwa milango yote miwili.

Kijana wa benchi ya nyuma

Jumamosi ya pili tulimwona kijana mmoja wa miaka 13 aliyekuwa hakuja mara ya kwanza. Alikaa benchi ya nyuma, kaye yake safi sana, maana yake haiandikwi. Wenzake walituambia kwa sauti ndogo: yeye anakuja siku mbili kwa juma, siku zingine iko mtoni, anaosha mawe.

Somo la siku hiyo lilikuwa upepo. Mwalimu alichanganya vumbi, mchanga na kokoto ndani ya beseni pana, akampa kila kikundi bomba la jani la papai. Kabla ya kupuliza akauliza: upepo ukipiga miaka mingi, nini itabaki? Kila mmoja alikuwa na jibu. Wengine walisema mchanga, juu picha za jangwa zote ni mchanga. Kijana wa nyuma akasema bila kunyanyua mkono:

« Nzito inabakia. Vumbi inaenda mbali, muchanga inaenda karibu, majiwe inabaki pale pale. Ku mutoni, mai njo inafanya vile. Siye tunatafuta paka ile inabakia. »

Wakapuliza, wakifunga macho na kufunika pua kwa kitambaa kama walivyoagizwa. Ikawa vilevile. Vumbi lilifika mlangoni, mchanga ukajikusanya karibu kama kilima kidogo chenye mgongo mmoja mteremko na mwingine mkali, na kokoto zikabaki zimepangana chini kama sakafu. Sehemu kubwa ya majangwa ya dunia ni sakafu ya namna hiyo, mawe tu. Vilima vya mchanga ni sehemu ndogo. Mwalimu alimwita kijana mbele aeleze tena. Alieleza mara ya pili vizuri zaidi kuliko ya kwanza, na akaonyesha kwa mikono namna ya kuzungusha beseni. Hatutasema kwamba mambo yalibadilika siku ile. Juma lililofuata hakuonekana.

Somo la majani tutalipitia haraka, ingawa wazazi wanaweza kulifanya nyumbani. Vitambaa viwili vya sawa vinalowanishwa. Kimoja kinatandazwa, kingine kinakunjwa kama sigara. Mama yeyote anayeanika nguo anajua kipi kitakauka kwanza, na ndiyo sababu mimea ya jangwa haina majani mapana: inajikunja, inajifunga, wengine wanabaki shina na miiba tu. Kwenye tawi la mwembe walifunga mfuko wa plastiki usiotobolewa. Mchana maji yalikuwa yamekusanyika chini, vijiko kadhaa, yametoka ndani ya majani yenyewe. Mtoto mdogo wa kalasi nyingine aliyapima kwa ulimi. Mwalimu akamgombeza, juu mambo ya sayansi hayaonjwi.

Nyavu za kuvua ukungu

Jumamosi ya tatu waliwasha mbabula inje, wakaweka sufuria la maji, na moshi mweupe wa maji ukapanda. Ule mweupe, mwalimu akasema, ni matone madogo sana, ndugu ya ukungu. Juu yake wakashika vitu vitatu kwa zamu, vimefungwa kwenye vijiti: karatasi ya plastiki, kipande cha chandarua kuukuu, na mfuko wa vitunguu uliokunjwa mara mbili.

Plastiki ilishindwa mapema. Mvuke mwingi uliizunguka ukapita kando. Chandarua kilishika maji vizuri, lakini matundu yake madogo yakayafunga, hayakutaka kushuka mpaka upige kijiti. Mfuko wa vitunguu ulishinda: matone yalikutana, yakanenepa, yakateremka mpaka kwenye kopo. Yalikuwa maji ya kulowanisha koo la kuku tu, lakini watoto walipiga kelele kama timu yao imefunga goli.

Sasa tunarudi Chile. Pembeni ya kusini ya lile jangwa, juu ya mlima, kuna machimbo ya zamani ya chuma, El Tofo, yaliyokwisha kufungwa. Ukungu wa bahari, wenyeji wanauita camanchaca, unapita pale juu siku nyingi za mwaka. Chini kando ya bahari kuna kijiji cha wavuvi, Chungungo, kilichokuwa kikinywa maji ya kuletwa na kamyo. Kutoka mwaka 1987 wenye elimu wa Chile na wa Kanada walisimamisha makumi ya nyavu kubwa juu ya mlima, kila moja ya mita 48 za mraba, nyavu za plastiki zilizokunjwa mara mbili. Mwaka 1992 bomba likashuka mpaka kijijini. Kwa kadiri, kila mita ya mraba ilitoa lita tatu kwa siku.

Mwalimu akaandika ubaoni: 48 mara 3. Ni lita 144, wavu mmoja, siku moja. « Bidoni ngapi za lita 20? » Saba, na kidogo juu. Wasichana ndio waliojibu kwanza, na hatukushangaa, juu ndio wanaobeba zile bidoni.

Hadithi ya Chungungo haikuishia vizuri, na tunamsifu mwalimu kwa kutoificha. Upepo wa mlimani ulipasua nyavu, utunzaji ukalegea, watu wa kijiji wakapenda zaidi maji ya bomba la kawaida, na baada ya miaka kumi hivi kamyo ilikuwa imerudi. Mwalimu akauliza: kosa ni la wavu ao la nani? Watoto wakabishana mpaka kengele. Wengi wetu tunajua pompi za visima zilizokauka kwa kukosa ngozi moja ya kubadilisha.

Baba wa pompi

Siku hiyohiyo baba mmoja alikuja na hasira. Mtoto wake alikuwa amekata mfuko wa vitunguu wa mama yake, na vitunguu vilikuwa bado ndani. Alisimama mlangoni na koti la kazi.

« Mwalimu, mutoto nilimutuma kujifunza hesabu na kifaransa. Jangwa ya nini hapa? Siye tuko na mai mpaka inaingia mu mugodi! »

« Samahani juu ya vitunguu, tata. Unatumika kazi gani? »

« Niko ku pompi. »

« Na pompi yako inafanya nini? »

« Inatosha mai inje. Usiku na muchana. Ikisimama, batu banakufa. »

« Kule Escondida, » mwalimu akasema, « mwenzako wa pompi anaingiza. »

Baba akaingia, akakaa benchi ya nyuma, fasi ya kijana aliyekosa. Mwalimu alieleza. Escondida ni machimbo makubwa kupita yote ya shaba duniani, yako juu kupita mita 3,000. Kuosha na kutenga shaba kunataka maji mengi, na maji ya chini ya jangwa ni machache, tena wenyeji na mimea wanayahitaji. Basi wanachukua maji ya bahari, wanayatoa chumvi kwenye kiwanda cha kando ya pwani, na kuyapandisha kwa mabomba kilomita kama 180. Kiwanda kile kilichoanza kazi karibu mwaka 2017 kilijengwa kutoa lita 2,500 kwa kila sekunde.

Baba wa pompi alifunga macho, akahesabu. « Na umeme ya kusukuma ile mai yote? » akauliza. « Hapa paka kutosha, courant inatusumbua. » Kiisha yeye mwenyewe akawaeleza watoto uzito wa maji ndani ya bomba linalopanda, kwa nini bomba la chini linatengenezwa nene kuliko la juu, na namna machimbo ya Kipushi yalivyojaa maji mwaka 2011 kisha pompi kushindwa. Alizungumza karibu nusu saa. Mtoto wake alikuwa anatazama chini kwa haya, halafu akaacha kutazama chini.

Mtu wa shaba

Kutoka Jumamosi ya kwanza vipande viwili vya samaki vilikuwa vinangoja: kimoja ndani ya chumvi na mchanga mkavu, kopo wazi, kingine katika kopo lililofungwa na kitambaa chenye maji. Kila juma walivipima kwa mizani ya kijiti na uzi. Jumamosi ya nne kopo la pili lilifunguliwa inje, mbali, na watu walikimbia. Kile cha kwanza kilikuwa chepesi, kigumu, hakinuki. « Makayabu! » wakasema wote pamoja.

Hapo mwalimu akawaambia habari ya mwaka 1899. Katika mashimo ya Chuquicamata ulionekana mwili wa mchimbaji wa zamani sana, aliyekufa karibu mwaka 550, udongo ulipomwangukia akichimba shaba na nyundo ya mawe. Vikapu vyake vilikuwa kando yake. Ukavu na chumvi vilizuia asioze, na shaba iliupa mwili wake rangi ya kijani. Baadaye ulipelekwa New York, katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe.

Mama aliyekuja kumchukua mtoto wake alisikia, akakasirika kabisa. « Huyo muntu alikufa ku kazi. Juu ya nini hawakumuzika? » Mwalimu hakuwa na jibu, na sisi vilevile. Tunaona mama alisema kweli.

Kijana wa benchi ya nyuma alifika saa nne, suruali ikiwa na maji mpaka magotini. Mfukoni alitoa jiwe la kijani, dogo kama yai la njiwa. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba kule Chile kuna jiwe la kijani linaloitwa atakamiti, kwa jina la jangwa, na alitaka kujua kama lake ndilo.

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau samaki. Akaeleza: atakamiti ni shaba iliyoungana na klorini, ile iliyo ndani ya chumvi, na inakaa pale juu hakuna mvua ya kuiharibu; maji matamu yakiipita muda mrefu, inayeyuka ao inageuka jiwe lingine. Malakiti ya kwetu ni kinyume chake: imezaliwa na maji ya mvua yaliyoshuka ndani ya mawe yakibeba hewa ya kaboni, miaka elfu na elfu. Ukiitia tindikali, ile hewa inatoka tena. Atakamiti haina hewa hiyo, haitoi kitu.

Walilowanisha jiwe kwanza ili vumbi lake lisivutwe puani, wakalikwaruza kwa msumari juu ya kisahani, wakakamua ndimu. Watoto zaidi ya ishirini waliinamisha vichwa juu ya kisahani kimoja. Mwanzo hakukuwa na kitu. Mwalimu akasema ndimu ni tindikali dhaifu, wangoje. Wakangoja. Halafu kando ya ule unga wa kijani kiputo kimoja kikapanda, kidogo kama kichwa cha sindano, na kingine, na vingine vitatu.

« Ni ya hapa, » kijana akasema, akafungua kaye yake, akaomba biki.